Kilio au Neno? Historia ya Vihisishi vya Kiingereza na Nafasi Yake katika Sarufi

Ikisiri

Makala haya yanaonesha jinsi vihisishi vya Kiingereza vilivyowekwa pembezoni mwa sarufi, ilhali historia yake inathibitisha kwamba ni maneno kama maneno mengine. Hoja inayotetewa ni kwamba hisia ni za wanadamu wote, lakini namna ya kuzitamka hurithiwa, hukopwa na huwekewa kanuni na jamii.

1.0 Utangulizi

Mtu akichomwa na mwiba hutoa sauti. Swali lililowashughulisha wanasarufi kwa karne nyingi ni iwapo sauti hiyo ni neno au ni kilio tu. Jibu lake lina uzito, kwa kuwa ndilo linaloamua iwapo kihisishi kitachambuliwa au kitatajwa kwa mistari michache na kuachwa. Kiingereza ni mfano mwafaka, kwani maandishi yake yanawezesha vihisishi kufuatiliwa kwa zaidi ya miaka 1,000.

2.0 Chimbuko la Kategoria

Katika mapokeo ya Kiyunani yanayohusishwa na Dionysius Thrax, aina za maneno zilikuwa nane, na vihisishi vilihesabiwa miongoni mwa vielezi. Kilatini hakikuwa na kibainishi kama kile cha Kiyunani. Hivyo Warumi waliiondoa kategoria hiyo, wakakipa kihisishi nafasi yake, na idadi ikabaki nane. Mgawanyo huo ndio uliofika Uingereza. Mnamo mwaka 998 hivi, mtawa Ælfric aliandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza cha Kale, akalifasiri jina la kategoria hii kwa neno lenye maana ya ‘kilichotupwa katikati’. Alieleza kwamba haha na hehe huashiria kicheko katika lugha zote mbili, lakini pia alitaja vihisishi ambavyo ni vya Kiingereza. Tangu mwanzo, basi, mambo mawili yalionekana kwa pamoja: yaliyo ya wanadamu wote na yaliyo ya lugha mahususi.

3.0 Ushahidi wa Maneno Yenyewe

Kihisishi alas, kinachoeleza huzuni, kiliingia Kiingereza katika karne ya 13 kutoka Kifaransa cha Kale. Sehemu yake ya pili ni kivumishi las, kilichotokana na neno la Kilatini lassus, yaani ‘aliyechoka’. Katika Kifaransa cha Kale kivumishi hicho kilipatana na jinsia ya msemaji: mwanamume alisema las, mwanamke lasse. Kiingereza kilichukua umbo la kiume peke yake, nalo likatumiwa na wote. Kilio cha asili hakina upatanisho wa kisarufi, wala hakikopwi.

Mfano wa pili ni zounds, kihisishi cha ghadhabu na mshangao kilichofupishwa kutokana na kiapo kilichotaja majeraha ya Mungu. Ufupisho huo ulikuwa aina ya tasfida, ila haukutosha kuificha asili yake. Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowakataza waigizaji kulitaja jina la Mungu kwa dhihaka jukwaani, na faini ikawa pauni 10 kwa kila kosa. Tamthilia ya Othello ya Shakespeare inaonesha matokeo yanayohusishwa na sheria hiyo: viapo zaidi ya 50 vilivyomo katika toleo la 1622 havimo katika lile la 1623. Sheria haiwezi kukataza chafya. Vihisishi hivi viliweza kudhibitiwa kwa sababu vilikuwa maneno yenye maana inayotambulika.

Hata wow, kinachodhaniwa leo kuwa mlipuko wa sauti tu, kina historia: kinapatikana katika maandishi ya Kiskoti ya mwaka 1513, kabla ya kuenea kupitia Kiingereza cha Marekani katika karne ya 20.

4.0 Mvutano wa Wanaisimu

Pamoja na ushahidi huo, Horne Tooke alikitoa kihisishi katika lugha mwaka 1786, akakiona kuwa karibu na sauti za wanyama. Katika mihadhara yake ya London ya mwaka 1861, Max Müller alishikilia kwamba lugha huanza pale vihisishi vinapoishia. Edward Sapir, mwaka 1921, alikiri kwamba vihisishi hutofautiana baina ya lugha, lakini bado aliviona vya umuhimu mdogo. Mabadiliko yalikuja baadaye. Mwaka 1978 Erving Goffman alionesha kwamba anayesema oops baada ya kuangusha kitu huwafahamisha walio karibu naye kwamba kosa ni dogo na bado anajimudu. Mwaka 1992 Felix Ameka, mwanaisimu kutoka Ghana, alitenganisha vihisishi vya msingi na vile vilivyotokana na aina nyingine za maneno, akavirejesha katika uchambuzi wa kiisimu.

5.0 Hitimisho

Waliovitenga vihisishi walichanganya hisia na neno linaloibeba. Tahadhari hiyo inauhusu pia uchambuzi wa Kiswahili, ambao umerithi sehemu ya mgawanyo huohuo wa aina za maneno. Kihisishi lahaula, chenye asili ya Kiarabu, kina safari inayofanana na ya alas: kilikuwa sehemu ya tungo katika lugha ya awali, kikakopwa kikiwa kizima, na sasa hutamkwa na wengi wasioijua tungo hiyo. Anayekiita kilio hukiondolea historia yake.