Reli ya Kati na Miji ya Njia ya Misafara

Reli ya Kati ya Tanzania, inayotoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa umbali wa kilomita zipatazo 1,250, ilijengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1914, na kwa sehemu kubwa ilifuata mwelekeo wa njia ya misafara iliyokuwa ikiteremsha pembe za ndovu na watumwa kutoka maeneo ya Ziwa Tanganyika hadi pwani. Njia hiyo ilikuwa na miji mikuu mitatu, yaani Bagamoyo pwani, Tabora katikati na Ujiji ziwani. Kati ya hiyo, reli iliingia Tabora peke yake.

Bagamoyo iliponzwa na bahari yake. Jahazi liliweza kukaa juu ya mchanga maji yakikupwa na kupakuliwa papo hapo, lakini meli za mvuke zililazimika kutia nanga mbali na ufuko, ilhali Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860 na kuzorota baada ya kifo chake mwaka 1870, ulikuwa na bandari yenye kina na kinga ya upepo. Wajerumani walikwisha kuhamishia huko makao yao makuu mwaka 1891, hivyo reli ilithibitisha tu hukumu iliyokwisha kutolewa.

Ujenzi ulifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, kwa geji ya mita moja, yaani nafasi iliyopo kati ya pau mbili za chuma zinazolazwa juu ya mataruma. Miongoni mwa vibarua walikuwamo Wanyamwezi wengi, watu ambao kwa vizazi kadhaa walisifika kwa upagazi, kazi ya kuchukua mizigo begani au kichwani kwa mwendo wa miezi, kila mtu akibeba karibu kilo 30. Basi walishika sururu na kuijenga njia iliyokuja kuwaondolea kazi hiyo, na haishangazi kwamba baadaye wengi wao walionekana katika mashamba ya mkonge ya Tanga wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotambuliwa kwa namba. Historia za reli husimulia sana habari za wahandisi na madaraja, na mabadiliko haya ya maisha ya watu huyagusa juujuu, ingawa pengine ndiyo makubwa kuliko yote.

Ujiji nayo ilipitwa kwa kilomita chache tu, kwa kuwa ghuba ya Kigoma ilifaa zaidi kwa meli kubwa. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 isije ikatekwa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916. Nchi ilipoangukia mikononi mwa Waingereza, mapatano ya mwaka 1921 yaliwapa Wabelgiji maeneo maalumu ya bandari, Kigoma na Dar es Salaam, kwa ajili ya shehena za Kongo. Mwaka 1928 tawi la reli kutoka Tabora lilifika Mwanza, na pamba ya Usukuma, ambayo awali ilivushwa Ziwa Victoria hadi Kisumu na kuteremshwa Mombasa, ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo Tabora ilibaki kuwa njiapanda, safari hii ya mabehewa.

Reli mpya ya geji ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435 na inayotumia umeme, ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mpango wake unaendelea hadi Kigoma, lakini una pia tawi linaloanzia Uvinza, mji wa chumvi tangu enzi za kale, kuelekea Musongati nchini Burundi. Tawi hilo likikamilika, mzigo wa Burundi uliozoea kupita bandarini Kigoma utaweza kukata kona kabla ya kulifikia ziwa.