Siku Land Rover Ilipochemsha

Shosho husema sauti ilifika kabla ya gari. Uko shambani unapalilia, unaskia injini ikinguruma ng'ambo ya mto, na tayari watoto wanasukumwa ndani. Mwaka ni 1954, na Murang'a bado inaitwa Fort Hall. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, watu wanahamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na askari wakija kukamata mtu wanakuja na Land Rover. Anayeiendesha, mara nyingi, ni Mwafrika.

Kwetu, aliyeiendesha alikuwa guka. Hiyo stori haizungumzwi Krismasi.

Asubuhi moja, kwenye mlima wa kuingia kijijini kwa kina shosho, gari ilichemsha. Mvuke ukatoka kwa boneti, bwana mkubwa akatukana, na wote wakangoja karibu saa nzima injini ipoe. Walipofika, vijana waliokuwa wakitafutwa walikuwa wameshatoroka. Mmoja wao alikuwa kakake shosho. Wakati huo shosho na guka hawajaoana. Yeye anaamini hadi leo kwamba guka alifanya makusudi, na ndiyo maana alimkubali miaka mitatu baadaye. Mdogo wake guka anacheka akiskia hivyo. Gari za mkoloni zilichemsha zenyewe, anasema, mnataka tu kusafisha jina.

Guka mwenyewe alikufa bila kusema lolote. Kwa hivyo nikaamua kuuliza gari.

Ankoo ana Series III aliyonunua kwa mnada, na kila tukiipandisha upande wa Kangema sindano ya temperecha inaenda kugonga mwisho. Jumamosi mbili nimekaa na fundi tukitafuta shida. Nilijifunza kwanza kwamba hii gari ilizaliwa kwenye baridi. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na shamba Anglesey, kisiwa cha Wales chenye mvua na upepo, na huko alikuwa akitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Akataka kutengeneza yake. Ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, bodi ikiwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Uingereza ilihitaji pesa za nje, na makoloni yalikuwa soko. Baadaye wakabuni paa la mabati mawili yenye nafasi katikati ili jua lisichome vichwa vya abiria, wakaliita paa la safari. Wamechukua neno letu wakaliweka juu ya vichwa vyao! Chini ya boneti, kazi ya kupoza ikabaki kwa maji, feni na fanibelti.

Sasa ipeleke milimani. Kwenye mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka karibu digrii 93, si 100, ndiyo maana kifuniko cha rejeta lazima kishikilie presha. Kikilegea, umekwisha. Tena ukipanda kwa gia nzito umebeba watu, injini inafanya kazi kubwa huku gari ikitambaa, kwa hivyo upepo wa mbele ni kidogo sana. Kila kitu kinategemea feni.

Yetu ilikuwa na makosa mawili, na yote yalikuwa ya watu. Rejeta ilijaa matope ya miaka mingi ya maji ya mto. Fundi aliibandua tangi la juu, akapitisha chuma chembamba kwenye mirija, mmoja baada ya mwingine, kisha akachomelea tena. Kosa la pili lilinishangaza. Fundi wa zamani alikuwa ametoa thamostati, ile dawa ya kila gereji. Lakini kwenye injini hii ya lita 2.25, thamostati ya asili ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwa pampu bila kupita rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji moto inabaki ikizunguka ndani ya injini tu. Unadhani umesaidia, kumbe.

Halafu tukafika kwa fanibelti, na hapo nikanyamaza. Kwenye gari za enzi ya guka, belti moja ilizungusha feni, pampu ya maji na dainamo. Kuilegeza unahitaji spana na dakika chache: unafungua bolti ya dainamo, unaisukuma ndani kidogo. Barabara tambarare unaweza kwenda bila shida. Ukianza kupanda na askari wamejaa nyuma, belti inateleza, feni na pampu zinalegea, maji yanachemka. Ikipoa unaikaza tena, unasema, "Ni mlima, bwana." Ambayo ndiyo maneno yale yale ungesema kama kweli ilikuwa mlima.

Nilimpigia mdogo wake guka simu. Akaniambia guka alikuwa akibonyeza ile belti kwa kidole gumba kila alfajiri kabla ya kuwasha gari, bila kukosa. "Mtu makini hivyo," akasema, kisha hakumaliza.

Mwezi uliopita tulimpandisha shosho. Sindano ilikaa katikati njia nzima. Kwenye kona moja akamgusa ankoo bega.

"Zima gari kwanza, mwanangu."

Tukakaa kimya, injini ikipoa. Kisha akanyoosha kidole kwenye mteremko ambao sasa ni majani chai matupu.

"Walipitia pale."