Vipodozi vya shilingi 50 na vya shilingi 4,800: nilichojifunza hapa Lunga Lunga

Wiki tano kabla ya harusi yake, mpwa wangu alikuja nyumbani na kopo jeupe lisilo na maandishi yoyote. Akaniuliza, "Shangazi, nikipaka hii mara tatu kwa siku badala ya mbili, si itafanya kazi haraka zaidi?" Alikuwa amelinunua shilingi 600 kwa mtu anayepita mlango kwa mlango, na alikuwa ameshalitumia wiki mbili. Mashavu yalikuwa yamekuwa meupe kweli. Lakini nilipomsogeza dirishani niliona ngozi imekuwa nyembamba kama ya kitunguu, na kwenye taya kulikuwa na vipele vyekundu. Alisema akipigwa na jua anahisi kama amemwagiwa pilipili.

Nilimchukua siku hiyo hiyo hospitalini. Mengine ya kopo hilo nitayaeleza mbele. Kwanza niseme kilichofuata, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Njiani tukirudi aliniambia, "Shangazi, mimi sina pesa za vipodozi vya maana. Vya bei rahisi ndivyo vinavyotuunguza sisi." Nikajiuliza kama ni kweli. Nilikuwa nimemuahidi vipodozi vya harusi, na pesa nilikuwa nimeziweka. Nikaamua kununua vya bei tatu na kuvijaribu mwenyewe kabla bi harusi hajaguswa.

Nilivyojaribu

Nilinunua vitu vitatu kwa kila bei: rangi ya midomo, wanja, na kitu cha kusawazisha uso, yaani poda au fondesheni. Vya bei ya chini nilivipata hapa sokoni Lunga Lunga, vya bei ya kati Ukunda, na vya bei ya juu Mombasa. Majina ya makampuni siyataji. Sitaki mtu akanunue au aache kununua kwa sababu ya ngozi yangu peke yangu.

Kila kimoja nilikipaka kwanza ndani ya kiwiko, nikasubiri siku mbili kuona kama kutatokea mwasho au wekundu. Kisha nilikipaka usoni saa moja asubuhi, nikafanya kazi zangu za kawaida: jikoni, stejini, dukani, na jua letu la saa saba. Nilijitazama kwenye kioo kabla ya kutawadha kwa adhuhuri.

Bei ya chini: shilingi 300 kwa vyote vitatu

Rangi ya midomo ilikuwa shilingi 100. Nilitarajia mabaya, nikakuta boksi lina jina la mtengenezaji, anwani, orodha ya viungo, tarehe ya mwisho na alama ya ubora ya KEBS. Rangi ilikaa mpaka chai ya saa nne, ikaondoka na mahamri. Midomo haikuwasha wala kukauka. Kwa shilingi 100 sina malalamiko.

Poda ya shilingi 150 nayo ilikuwa na lebo, ila ilikuja kwa rangi mbili tu, na zote mbili ni za mtu mweupe kuliko mimi. Mwanangu mdogo aliniuliza kama nimetoka kukanda unga wa ngano. Poda hiyo haina ubaya wowote. Haikutengenezewa uso wangu tu.

Wanja wa shilingi 50 ulikuwa kwenye kijikopo kisicho na neno lolote. Huo sikuutia machoni. Wanja wa unga wa zamani mara nyingi hutengenezwa kwa jiwe jeusi linalong'aa ambalo ni madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Wamama wanaowapaka watoto wachanga wanja wa aina hii wajue hivyo. Wanja wetu una heshima yake katika dini na mila, lakini jiwe la ithmidi linalotajwa katika hadithi na unga usiojulikana wa kwenye kijikopo si lazima viwe kitu kimoja.

Bei ya kati: shilingi 1,450

Hapa ndipo nilipostarehe. Rangi ya midomo ya 350 ilikaa mpaka adhuhuri. Wanja wa kalamu wa 250 haukutiririka hata nilipotokwa na jasho. Fondesheni ya 850 ilikuwa na rangi nane, na moja ilikuwa karibu sana na yangu. Muuzaji alitaka kunijaribu nyuma ya kiganja. Nilimuomba apake kidogo kwenye taya, nikatoka nje na kioo. Mkono una rangi yake na uso una rangi yake, na taa za dukani hudanganya. Rangi ikipotea kwenye taya yako juani, hiyo ndiyo yako.

Bei ya juu: shilingi 8,500

Rangi ya midomo ilikuwa 2,200, kalamu ya wanja 1,500 na fondesheni 4,800. Vichupa vilikuwa vizuri mno hata nikaona haya kuvifungua. Fondesheni ilikuwa na rangi nyingi kiasi kwamba muuzaji alichukua dakika ishirini kunitafutia, na aliyoipata ilikuwa rangi yangu hasa, sawasawa na shingo. Hilo ni jambo kubwa kwa mwanamke mweusi. Kwa miaka mingi makampuni ya nje yalitutengenezea rangi mbili tatu za mwisho wa rafu. Fenty Beauty ya Rihanna ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40, wengine walilazimika kuongeza zao. Ilifika katika maduka ya Kenya mwaka 2022. Hapa kwetu Suzie Wokabi alikuwa ameshaanzisha Suzie Beauty kwa ajili ya ngozi za Kiafrika miaka kadhaa kabla ya hapo.

Lakini fondesheni hiyo ya 4,800 ilianza kuyeyuka nilipokuwa stejini saa saba mchana. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na mafuta mazito usoni hayapatani nayo. Ile ya 850 ilistahimili zaidi. Kalamu ya wanja ya 1,500 na ile ya 250 sikuweza kuzitofautisha nikifumba jicho moja.

Hesabu ya kila siku

Usitazame bei ya kichupa peke yake. Fondesheni zote mbili zilikuwa mililita 30. Mimi hutumia kama nusu mililita kwa uso mmoja, kwa hivyo kichupa ni siku 60. Ile ya 850 ni kama shilingi 14 kwa siku. Ile ya 4,800 ni shilingi 80 kwa siku. Kinachokuongezea bei hiyo ni wingi wa rangi, chupa nzuri na matangazo. Kama rangi yako haipatikani kwenye bei ya kati, pesa hiyo ina maana. Kama inapatikana, baki nayo mfukoni.

Sasa lile kopo

Msomaji ameona kwamba kitu kilichomuunguza mpwa wangu hakikuwa cha bei ya chini. Kopo lile la 600 lilikuwa ghali kuliko vitu vyangu vyote vitatu vya sokoni. Lilichokosa ni maandishi. Daktari alisema bila kulipeleka maabara hawezi kujua lina nini, lakini dalili alizijua. Krimu za kujichubua, tunazoziita mkorogo, kwa kawaida huwa na moja ya vitu vitatu, au vyote.

Cha kwanza ni zebaki. Huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi inayotukinga na jua, kisha hupenya mwilini na kudhuru figo. Haimdhuru mpakaji peke yake. Mtoto anayelala kifuani pake naye huipata. Mkataba wa Minamata, unaobeba jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia kwenye samaki na kuwaumiza watu, ulianza kutumika mwaka 2017. Kuanzia 2020 ulizuia vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba ifikapo 2025 hata kiasi hicho kisiruhusiwe.

Cha pili ni hidrokwinoni, ambayo Kenya na Tanzania zote zimeipiga marufuku katika vipodozi. Ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mabaka ya buluu-nyeusi yasiyotoka, yaani kinyume cha ulichokitafuta. Cha tatu ni dawa za steroidi, ambazo daktari huandika kwa ugonjwa maalumu na kwa muda mfupi. Zikipakwa kila siku hufanya ngozi nyembamba, na ukiziacha ghafla uso unaweza kuwaka kwanza kabla ya kutulia. Ndiyo maana anayetaka kuacha aende hospitali, asijifanyie mwenyewe kimya kimya kwa kuona haya.

Kabla ya kulipa, soma

Sisi tuko mpakani. Bidhaa zinaingia kutoka Horohoro kwa njia halali na kwa njia za panya, na macho yako ndiyo kituo cha mwisho cha ukaguzi. Nilichomfundisha mpwa wangu ni hiki:

- Pasipo na jina la mtengenezaji, orodha ya viungo na tarehe, usinunue, hata ukipewa bure.
- Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Chini yake kuna namba ya kibali. Tuma ujumbe mfupi wenye SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023, utajibiwa ni ya nani na ya bidhaa gani. Bidhaa ya Tanzania huwa na alama ya TBS, shirika ambalo ndilo linalosimamia vipodozi huko tangu 2019.
- Maneno haya kwenye lebo ni ya kukimbia: "mercury", "mercurous chloride", "calomel", "hydroquinone", "clobetasol", "betamethasone".
- Maonyo kama "usiguse dhahabu au fedha" kwenye krimu ya uso ni dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki huharibu vito.
- Kijipicha cha kopo lililofunguliwa chenye 6M au 12M kinakwambia miezi ya kutumia baada ya kufungua. Maskara ibadilishe kila baada ya miezi mitatu, na usiazimane.
- Rangi ya midomo ya kujaribia dukani usiitie mdomoni. Ijaribu mkononi.

Kwa Waislamu wenzangu, neno "carmine" au "CI 75470" kwenye rangi nyekundu lina maana ya rangi itokanayo na wadudu. Wanazuoni wametofautiana, kwa hivyo muulize unayemuamini. "Cetyl alcohol" isikutishe, ni aina ya nta wala hailevyi.

Udhu, hina na piko

Fondesheni isiyopitisha maji na rangi ya kucha hufunika ngozi na kucha, kwa hivyo ziondolewe kabla ya kutawadha. Mafuta ya nazi kidogo kwenye pamba yaliondoa vyote nilivyojaribu, vya bei ya chini na vya juu, kisha sabuni. Hina haina shida hiyo, ni rangi tu iliyoingia kwenye ngozi.

Lakini hina ya kweli hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia iliyoiva. Hakuna jani la hina linalotoa weusi wa makaa kwa nusu saa. Piko nyeusi ni unga wa kupaka nywele, wenye kemikali iitwayo PPD. Ulaya wanairuhusu kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Nimewahi kuona mikono ya bi harusi ikitoa malengelenge kwa kufuata mchoro wa ua. Mwambie mpambaji mapema kwamba unataka hina.

Vya kwetu

Tusisahau tulivyonavyo. Singo na liwa vilimpamba bibi yangu. Kule Kibuyuni, karibu na Shimoni, wanawake wanaolima mwani wanatengeneza sabuni na mafuta ya kupaka kutokana na mwani huo. Ukisoma "carrageenan" kwenye krimu au dawa ya meno ya kutoka nje, hicho ni kitu kinachotolewa kwenye mwani mwekundu, jamii ya huu unaokaushwa pwani yetu. Ila navyo vijaribu kwanza kwenye kiwiko. Cha asili pia kinaweza kukuwasha.

Siku ya harusi

Daktari alimpa mpwa wangu utaratibu wa kuacha, mafuta mepesi yasiyo na manukato, na leso ya kujikinga na jua. Wiki ya kwanza uso uliwaka, akalia, akataka kurudi kwenye kopo. Nililichukua nikalipeleka kwa afisa wa afya.

Siku yenyewe alipambwa kwa fondesheni ya 850, wanja wa 250 na rangi ya midomo ya shilingi 100, ambayo aliipenda kuliko ya 2,200. Uso haukuwa umepona wote. Shavu la kushoto lilikuwa na baka, na kwenye picha linaonekana ukijua pa kutazama. Mama mkwe alipomfunua shela alisema, "Mashaallah, mtoto mweusi mzuri." Mpwa wangu alinitazama. Alikuwa amejichubua akidhani huko aendako hawatamtaka alivyo.