Kwa Nini Matairi ni Meusi?

Kwa miaka mingi nilidhani matairi hupakwa weusi ili yasionyeshe uchafu. Kumbe sivyo!

Matairi ya kwanza ya magari yalikuwa meupe-meupe. Ndiyo maana yule mtu wa Michelin, aliyechorwa mwaka 1898, ni mweupe. Mwaka 1904, huko Silvertown, London, iligunduliwa kwamba mpira uliochanganywa na masizi laini ya kaboni hauchakai upesi. Siri ni udogo: chembe za masizi hupimwa kwa nanomita, nayo minyororo ya molekuli za mpira huzishikilia, mzigo ukagawanyika.

Tatizo ni kwamba masizi hayo hutengenezwa hasa kwa kuchoma mafuta mazito. Mwaka 2020, James Tour na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walipitisha umeme mkali kwenye makaa, matairi na plastiki zilizotupwa, wakapata grafini kwa muda usiofika sekunde moja. Mwaka 2022, pamoja na kampuni ya Ford, waligeuza plastiki za pikapu zilizochakaa kuwa grafini, wakaitia katika povu la poliyurethani ili kuliimarisha.

Kazi bado ipo. Chembe zikigandamana mabonge, plastiki hudhoofika badala ya kupata nguvu, kwa hiyo lazima zisambazwe sawasawa.

Sisi Kenya tairi kuukuu tumelifanya akala tangu zamani. Nashuku kaboni iliyomo ina thamani kuliko viatu hivyo, nasi tunaikanyaga tu.