Meno ya plastiki na jeraha la ufizi wa mtoto

Meno ya plastiki, au meno ya nailoni, ni jina ambalo Watanzania wengi hulitumia kwa kivimbe cheupe kinachoonekana kwenye ufizi wa mtoto mchanga, mahali chonge inapotarajiwa kuota. Kwa imani iliyoenea, kivimbe hicho ndicho kinacholeta homa, kuharisha na kutapika, na kisipoondolewa mtoto hufa. Tiba yake ilikuwa kuuchokonoa ufizi na kukitoa. Desturi hiyo imeripotiwa pia Uganda, inakojulikana kama ebiino, na Rwanda, inakoitwa ibyinyo.  

Kung'oa meno kwa mujibu wa mila ni jambo la zamani Afrika Mashariki. Wajaluo waliwang'oa vijana meno ya mbele ya chini kama alama ya kutoka utotoni, na Wamasai nao walitoa meno ya mbele ya chini. Wamakonde waliyachonga yakawa na ncha. Mambo hayo yalifanywa kwa ajili ya utambulisho na urembo. Kuchokonoa fizi za mchanga kulikuwa na shabaha nyingine, yaani kuponya ugonjwa. Mwaka 1969 Jens Jørgen Pindborg, mtaalamu wa magonjwa ya kinywa kutoka Denmark, alichapisha taarifa juu ya desturi hiyo nchini Uganda na kasoro za meno zilizofuatia. Kwa upande wa Tanzania, H. J. Mosha aliandika juu ya suala hilo mwaka 1983. Miaka ya 1990, E. N. Kikwilu na J. F. Hiza walifuatilia ukubwa wa tatizo mkoa kwa mkoa, wakakuta limeenea sana Dodoma ilhali Zanzibar lilikuwa haba mno. Walikuta pia njia ya pili, ya kusugua fizi kwa dawa za mitishamba bila kuzikata.

Kinachotolewa si jino bovu wala si plastiki. Meno ya utoto huanza kujengeka mtoto akiwa tumboni, tangu wiki ya sita hivi ya mimba. Mtoto anapozaliwa, chonge imo ndani ya taya ikiwa bado laini, haijakomaa kuwa ngumu. Hutokeza kinywani baadaye sana, kwa kawaida kati ya miezi 16 na 22. Mganga anapoichimbua mapema, hutoka kitu cheupe na teketeke, na wazazi wanaokiona huamini kwamba chanzo cha maradhi kimepatikana.

Vifaa vilivyotumika ni vile vilivyokuwa karibu: wembe, msumari, spoki ya baiskeli iliyonolewa, hata ukucha. Hatari ya kwanza ilikuwa damu. Mtoto wa kilo 3 ana damu isiyozidi sana mililita 250, kwa hiyo kiasi ambacho mtu mzima asingekijali kinaweza kumwua. Hatari ya pili ilikuwa uchafu wa chombo, ulioleta usaha, pepopunda na maambukizi ya damu. Katika Hospitali ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto waliolazwa kwa madhara ya ebiino miaka ya 1990 walikuwa mamia, na baadhi yao walifariki.

Kwa waliosalimika, ufizi ulipona upesi, na wepesi huo ndio uliosaidia kuificha hasara. Baada ya jino kutolewa, damu huganda shimoni, ngozi mpya ya ufizi hulifunika kwa wiki moja au mbili, na mfupa huendelea kujaza pengo kwa miezi kadhaa. Wakati huohuo homa au kuharisha, maradhi ambayo mara nyingi huisha yenyewe, yalikuwa yamekwisha. Mzazi aliona kidonda kimefunga na mtoto ananyonya, sifa zikamwendea mganga. Madhara yalijitokeza miaka mingi baadaye: chonge ya utoto haikuota, meno ya jirani yalihama, na chonge ya ukubwani, ambayo mbegu yake hukaa karibu na ya utoto, iliota ikiwa na kasoro au haikuota kabisa.

Umri nao uliipa imani hiyo nguvu. Kuanzia mwezi wa sita hivi mtoto huanza kula chakula kingine na kutambaa, huku kinga aliyopewa na mama ikipungua. Kuharisha, malaria na nimonia humwandama wakati huohuo fizi zinapovimba kwa meno yanayokuja. Kwa sababu hiyo, elimu iliyotolewa kliniki ililenga maradhi yenyewe: ORS na zinki kwa anayeharisha, kipimo cha malaria kwa mwenye homa, na kuendelea kunyonyesha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza mila zinazoudhuru mwili wa mtoto.

Jino la utoto likilazimika kutolewa, kazi hiyo hufanywa kwa ganzi na vifaa vilivyotakaswa. Mtoto huuma pamba safi kwa takriban nusu saa na hasukutui siku ya kwanza, ili damu iliyoganda isitoke. Hula vyakula laini, na huangaliwa asijing'ate mdomo kabla ganzi haijaisha. Kuanzia siku ya pili, anayejua kutema husukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Damu isiyokoma, uvimbe unaokua, usaha au homa ni sababu ya kumrudisha hospitali bila kukawia.