Sufuria Moja, Watoto Wawili: Historia Fupi ya Lawama za Unene



Dada yangu analea wavulana wawili huku Uingereza. Sufuria moja, nyumba moja, shule moja. Mkubwa mwembamba kama ufito. Mdogo ana miaka sita na suruali za miaka kumi zinambana. Alipompeleka kliniki, swali la kwanza likawa: "Unamlisha nini huyu?" Usiku akanipigia simu analia. Mimi ni mtu wa historia, dawa sina. Nilimwambia tu kwamba swali lile lina historia yake, na historia yenyewe inamtetea.

Tuanze New York. Mwaka 1934 daktari wa watoto kutoka Ujerumani, Hilde Bruch, alihamia huko akashangaa kuona watoto wanene wengi vile. Siku zile ilidhaniwa ni ubovu wa tezi. Bruch aliwachunguza, akakuta kwa wengi tezi hazina kosa. Hapo alikuwa sahihi. Lakini mwaka 1940, yeye na Grace Touraine wakaandika kwamba chanzo kiko nyumbani: mama anayemdekeza mtoto na kumshindilia chakula. Na wengi wa akina mama hao walikuwa wahamiaji! Yaani mama mgeni anayefurahi kuona mwanawe kashiba, akageuzwa kuwa yeye ndiye ugonjwa.

Lawama hiyo ilianza kupasuka kwa msaada wa panya. Mwaka 1949, katika Jackson Laboratory huko Bar Harbor, Maine, walionekana panya wanene kupindukia, wanakula hawakomi. Baadaye Douglas Coleman wa maabara hiyo hiyo aliwaunga panya wawili wawili ili washirikiane damu. Mnene huyo akiungwa na panya wa kawaida, alipunguza kula. Basi damu ya mwenzake ilikuwa na kitu kinachosema "nimeshiba", na yeye hana. Kitu chenyewe kilijulikana mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller walipoipata jeni yake. Ni homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili kuuarifu ubongo akiba imefikia wapi. Wakaiita leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba.

Kwa binadamu, Albert Stunkard na wenzake mwaka 1986 walitazama Wadenmaki 540 waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Unene wao ulifuatana na ule wa waliowazaa, siyo wa waliowalea. Meza ya nani ulikulia haikuonekana kuwa na uzito ule tuliodhani.

Lakini ushahidi ulionigusa zaidi ni wa Cambridge. Mwaka 1997 kundi la Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi lilieleza habari za watoto wawili, mtu na binamu yake, wa familia yenye asili ya Pakistani. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86. Mvulana wa miaka 2, kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida. Kwenye jeni yao ya leptini herufi moja tu ilikuwa imedondoka, na leptini karibu hawana kabisa. Njaa yao haikuwa ulafi, bali ubongo kuamini kwamba mwili unakufa njaa. Msichana alipoanza kudungwa leptini alikuwa na zaidi ya kilo 94. Katika mwaka mmoja alipungua kilo 16 na ushei. Mtoto aliyekuwa hatosheki akaanza kusema kashiba. Wazazi wake walikuwa hawana kosa.

Familia hiyo ilikuwa ya kuoana binamu kwa binamu. Sisi watu wa Pwani na Oman tunaijua sana ndoa ya mtoto wa ami, na siiandiki kuisuta. Ila wazazi wote wawili wakiibeba jeni yenye kasoro, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Ni jambo la kulijua, siyo la kufichana.

Sasa msikimbilie kununua leptini. Kasoro hiyo ni adimu mno, na wanene wengi wanayo leptini tele. Kwa watoto wa kawaida jeni ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo. Ya FTO, iliyotangazwa mwaka 2007, kwa mtu mzima aliyeirithi pande zote mbili huongeza kilo kama 3 tu. Na mwaka 2008, watafiti wa Dundee, Uskochi, waliona kwamba watoto wenye jeni hiyo hula vyakula vizito zaidi mlo unapowekwa mbele yao. Miili yao haikuwa mivivu kuchoma chakula. Hamu ndiyo tofauti.

Kwa hiyo jeni siyo hukumu. Za babu zetu ndizo zetu; kilichobadilika ni soda, chipsi na kukaa ndani. Jeni huamua nani ataumia mwanzo mazingira yakiharibika. Hapo mzazi bado ana kazi: atengeneze meza na mchezo kwa watoto wote wawili, mnene na mwembamba, bila kumwita mmoja mlafi.

Dada aliniuliza, "Kwa hiyo siyo mimi?" Nikamjibu: siyo wewe, na siyo yeye.

Nawasilisha.