Shauri Lipelekwe Wapi? Mashauri ya Asbestosi na Wachimbaji wa Ngara na Biharamulo

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mwami Mwambutsa wa Urundi alipeleka ombi mbele ya Umoja wa Mataifa, akitaka nchi ya Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara, irudishwe katika milki yake. Hakuridhika kulalamika kwa maofisa wa Kibelgiji waliomtawala, wala kwa Waingereza waliokuwa wakiishika nchi ile. Alilikusudia Baraza la Udhamini, kwa kuwa hilo peke yake lilikuwa juu ya wote wawili. Hakupewa alichokitaka, na Bugufi ikabaki Tanganyika. Walakini njia aliyoifuata yastahili kuangaliwa. Mwenye shauri mwenye akili haulizi kwanza ni nani mwenye haki. Auliza ni baraza gani liwezalo kumlazimisha mpinzani wake.

Raia wa kawaida wa Bugufi na Busubi hawakuwa na nafasi ya kuuliza hivyo. Kwa sheria ya mwaka 1929 rufani za mahakama za wenyeji zilipanda kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa Gavana, wala hazikufika katika Mahakama Kuu. Mtu alishtakiana na jirani yake penye baraza la mtemi wake, basi. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria iliyoziunganisha mahakama zote katika ngazi moja, na mwaka 1966 ikaja sheria ya mwenendo wa madai, ambayo yaeleza pia mahali pa kufungulia shauri. Kwa sheria hiyo, aliyedhurika mwilini aweza kuchagua: ama mahakama ya mahali alipodhuriwa, ama ya mahali anapokaa au kufanyia kazi yule aliyemdhuru. Maneno haya ni mepesi pale mdai na mdaiwa wanapokaa Tanzania wote wawili. Ugumu waanza pale dhara lilipotendeka chini ya ardhi ya Biharamulo, na mwenye mali yuko London au Toronto. Ugumu wazidi pale dhara lenyewe linapokawia kuonekana hata mwenye mali amekwisha kubadilika.

Hapana maradhi yaliyowafundisha wanasheria jambo hili kuliko yale ya asbestosi. Jiwe hili lina nyuzi nyembamba zisizoungua, na kwa hiyo karne iliyopita ililipenda mno: likatiwa katika vigae vya paa, katika mabomba ya maji, katika breki za magari na katika mitambo ya meli. Unyuzi ukiingia katika pafu hautoki. Mgonjwa aweza kukaa miaka ishirini, thelathini, hata arobaini na zaidi, akilima na kulea watoto, ndipo pumzi ianze kumpungukia. Au ashikwe na saratani ya utando wa mapafu iitwayo mesothelioma, ambayo huua upesi. Mwaka 1960 madaktari watatu wa Afrika ya Kusini, Wagner, Sleggs na Marchand, waliandika habari za wagonjwa 33 wa saratani hiyo, karibu wote wakiwa wa upande wa migodi ya asbestosi ya Jimbo la Cape. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji kamwe. Waliishi tu jirani na vumbi.

Kampuni iliyochimba sehemu kubwa ya asbestosi hiyo iliundwa Uingereza mwaka 1893, ikiitwa Cape Asbestos. Ilikuwa na migodi katika Jimbo la Cape ya Kaskazini, kinu katika mji wa Prieska, na mgodi mwingine Penge, upande wa Transvaal. Daktari mmoja aliyeutembelea mgodi wa Penge mwaka 1949 aliwakuta watoto ndani ya magunia makubwa, wakiikanyaga asbestosi ili gunia lijae sawasawa, na msimamizi akiwa na mjeledi. Sehemu ya mzigo wa Penge ilivuka bahari mpaka kiwanda kimoja karibu na Tyler, katika jimbo la Texas, Marekani, na wafanyakazi wa huko wakaugua vilevile. Hivyo kampuni moja ilikuwa na wagonjwa wa mabara mawili, na mabara hayo mawili yalichagua mahakama mbili tofauti.

Watu wa Tyler walishtaki kwao. Nani angewalaumu? Huko waliugua, huko walikuwako madaktari na mashahidi, na baraza la wazee wa mahakama za Marekani halina mkono mfupi katika kutoa fidia. Katika kundi la kwanza la madai Cape ilishiriki kulipa. Katika kundi la pili haikufika mahakamani kabisa. Mwaka 1983 jaji wa Texas aliamua bila yeye kuwapo, akawapa wadai zaidi ya dola milioni 15. Wakaichukua hukumu yao mpaka London wakalipwe. Julai 1989 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikawajibu kwamba kampuni mama haikuwa na makao Marekani. Iliyokuwa huko ilikuwa kampuni nyingine, yenye jina lake na vitabu vyake, na sheria haiwezi kulivunja pazia hilo kwa kuwa tu lilitundikwa kwa hila ya biashara. Hukumu ya Texas ikawa karatasi. Kwa maoni yangu, uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa sheria ya siku zile, na ni hapo hasa penye ubaya wake: kampuni iliruhusiwa kupanga tangu mapema ni nani atakayemfikia na ni nani asiyeweza.

Watu wa Prieska na Penge walifanya kinyume. Mwaka 1997 wadai watano wa kwanza walifungua shauri London, mahali ambapo hapakuwa na mgodi wala vumbi, bali palikuwa na kampuni mama yenyewe. Wakafuatwa na maelfu. Cape ikasema: tuko tayari kushtakiwa Afrika ya Kusini, huko ndiko kwenye mashahidi, hospitali, na sheria itakayotumika, kwa nini mtuletee huku? Hoja hiyo si ya kuchezewa. Sheria ya Uingereza, tangu shauri la Spiliada la mwaka 1986, yaruhusu jaji kusimamisha madai ikiwa kuna mahakama nyingine yenye kufaa zaidi, isipokuwa mdai aonyeshe kwamba huko hatapata haki ya kweli. Mahakama ya Rufani ilishawishika, ikalisimamisha shauri mwaka 1999.

Tarehe 20 Julai, 2000, Baraza la Malodi liliutengua uamuzi huo. Lodi Bingham alikubali kwamba Afrika ya Kusini ndiyo mahali pa asili pa shauri lile. Lakini huko msaada wa kisheria wa serikali kwa madai ya majeraha ulikuwa umekwisha ondolewa, wala hakukuonekana wakili awezaye kubeba kwa mali yake wagonjwa zaidi ya 3,000, pamoja na wataalamu wa tiba na wa viwanda ambao lazima waitwe. Kuwarudisha ilikuwa sawa na kuwanyima shauri. Miaka mitatu kabla ya hapo mabwana hao walikwisha sema neno la namna hiyo katika shauri la Connelly, mfanyakazi wa mgodi wa urani wa Rössing huko Namibia aliyepata saratani ya koo. Naye, baada ya kushinda juu ya mahali, alishindwa mwaka 1998 juu ya muda, kwa kuwa alikuwa amechelewa kushtaki. Msomaji na alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Nini kilipatikana? Desemba 2001 Cape ilikubali kulipa pauni milioni 21 kwa wadai 7,500 hivi. Haikulipa. Ilikuwa imekwisha nyauka, na mwaka 2003 wagonjwa walitulia kwa pauni milioni 7.5 kutoka kwake, yaani wastani wa pauni elfu moja kwa mtu, na wengi walikwisha zikwa kabla ya siku hiyo. Ni kidogo. Ila watu wa Tyler, waliokuwa na hukumu mkononi, hukumu yao ya mwaka 1983 haikupata nguvu mbele ya majaji wa London. Na watu wa Prieska, ambao hawakupata kamwe hukumu juu ya kosa lenyewe, walipata fedha. Tofauti yao haikuwa katika ugonjwa, wala katika ushahidi, ila katika mlango waliobisha.

Sasa turudi Biharamulo. Mwaka 2005 mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza kutoa mali. Sisemi kwamba umemdhuru mtu, wala hapa simshtaki mtu. Nautaja kwa sababu ya historia ya wenye mali wake, ambayo yaweza kuwa kielelezo cha darasani. Asilimia 70 ilikuwa ya Barrick ya Toronto, kwa njia ya kampuni iliyosajiliwa hapa nchini, na asilimia 30 ya kampuni nyingine ya Kanada. Machi 2010 migodi ya Barrick nchini iliwekwa chini ya kampuni mpya, African Barrick Gold, yenye kuuza hisa zake London. Mwaka 2013 Tulawaka ilikabidhiwa kwa STAMICO, shirika la Serikali, na ikaitwa STAMIGOLD. Basi mtu aliyechimba mwamba mwaka 2006, na 2011, na 2015, katika shimo lile lile, alikuwa na mabwana watatu wa miji mikuu mitatu. Vumbi la mwamba wenye silika huleta silikosisi, nayo pia hukawia. Akija kuugua, ni vumbi la mwaka upi lililomwuguza? Akimtaka bwana wa tatu, sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, kama ilivyorekebishwa mwaka 2020, yamtaka atoe ilani ya siku 90, amwunganishe Mwanasheria Mkuu, na aende Mahakama Kuu, ambayo kwa mtu wa Kagera ni Bukoba. Akimtaka bwana wa pili, hilo jina la African Barrick Gold halipo tena: lilibadilishwa kuwa Acacia mwaka 2014, na Acacia ikamezwa na Barrick mwaka 2019.

Na kuna saa inayohesabu. Sheria ya ukomo ya mwaka 1971 yatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara. Kwa mtu aliyegongwa na gari, miaka mitatu inatosha. Kwa ugonjwa wa mapafu, mabishano yote ni juu ya siku ya kuanza kuhesabu: siku alipovuta vumbi, siku alipoanza kukohoa, au siku daktari alipoupa ugonjwa jina lake? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1980 yahesabu tangu mgonjwa alipojua au alipopaswa kujua. Lakini asidhani mtu kwamba akishtaki London atavikwa na saa ya London. Kwa sheria yao ya mwaka 1984, dhara lenye kutawaliwa na sheria ya Tanzania huhesabiwa kwa saa ya Tanzania. Kuvuka bahari hakumtoi mtu katika kalenda ya kwao.

Njia ya London imekwisha pitwa na Watanzania. Mwaka 2013 wanakijiji wa North Mara, katika mkoa wa Mara, walifungua huko madai ya vifo na majeraha ya risasi dhidi ya African Barrick Gold na kampuni yake ya mgodi, ambazo zilikana kuwajibika. Kampuni ya mgodi ikaenda haraka katika mahakama ya Tanzania kutaka itamkwe kwamba haidaiwi kitu. Jaji wa London akaizuia. Mwaka 2015 pande mbili zilipatana nje ya mahakama. Waliofuata nyayo hizo Kanada, walioshtaki Ontario mwaka 2022, walikutana na ukuta: Novemba 2024 jaji wa huko aliamua kwamba Tanzania ndiyo mahali panapofaa zaidi. Ni hoja ile ile ya Cape, na safari hii ilisikika.

Wenye mitaji hawana taabu hii. Kanuni za mwaka 2018 zilipofuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini, hata ile ya nikeli ya Kabanga wilayani Ngara iliguswa. Wenye leseni nyingine, ya Ntaka Hill huko Nachingwea, waliishtaki Serikali mbele ya baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia lenye makao Washington, na mwaka 2023 wakaamuriwa kulipwa zaidi ya dola milioni 100. Hakuna aliyewauliza kwa nini hawakwenda Lindi. Mwekezaji huchagua baraza lake kwa mkataba, kabla jembe halijagusa udongo. Mchimbaji huchagua lake baada ya pumzi kuanza kukatika, na kwanza abishane miaka mitatu, kama watu wa Prieska, juu ya mlango tu.

Kabanga yenyewe imepata mkataba mpya tangu Januari 2021. Kampuni ya Tembo Nickel imesajiliwa Tanzania, na Serikali inayo asilimia 16 ya hisa zake. Kampuni mama, Lifezone Metals, imesajiliwa katika kisiwa cha Man, na hisa zake zauzwa New York tangu Julai 2023. Kijana wa Bugarama atakayeajiriwa chini ya ardhi huko akiwa na miaka ishirini na mitano atakuwa na miaka sitini baada ya katikati ya karne hii. Anwani za wakubwa wake tayari ni tatu, na mgodi haujaanza kutoa nikeli.